Umeme wa mtetemo si mavuno, ni masazo

Jina likikosewa, kitu chenyewe nacho hukosewa. Kwa miaka kadhaa sasa umma umekuwa ukiahidiwa sakafu zitakazowasha taa kwa nyayo za wapita njia, barabara zitakazozalisha umeme kila gari lipitapo, na viatu vitakavyojaza betri ya simu huku mwenye kuvivaa akienda sokoni. Ahadi hizi zote hujengwa juu ya istilahi moja ya Kiingereza ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, ni "uvunaji wa nishati". Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia. Hata hivyo, maadamu mzizi mmoja wa tatizo hili ni neno, naamini nina haki ya kulisemea. Hoja yangu ni kwamba elimu ya kupata umeme kutokana na mitetemo ni elimu ya kweli, na kazi ya kuboresha maada zinazotumika ingali kubwa. Lakini hatutaweza kushiriki kazi hiyo, wala kujikinga na ahadi za uongo, iwapo walimu na wanafunzi wetu hawawezi kuieleza kwa lugha waielewayo.

Tuanze na msingi. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani, kama vile kwatzi na tomalini, zikibanwa hutoa chaji za umeme kwenye nyuso zake. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann akaonyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake sharti kiwe kweli pia: fuwele hiyo ikipewa umeme itabadili umbo. Ndugu Curie wakalithibitisha hilo kwa majaribio. Katika mwaka huo huo wa 1881, Mjerumani Wilhelm Hankel alilipa jambo hili jina kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kubana. Ndipo likazaliwa neno ambalo sisi twaweza kuliandika piezoelektriki.

Walimu wenzangu watambue alivyofanya Hankel. Alichukua kitenzi cha kawaida, cha mkono na kidole, akakiambatisha na umeme. Nasi tunacho kitenzi "bana", na tuna mtindo wa kuunganisha nomino kama ulivyo katika neno "garimoshi". Tukisema "umemebano", mtoto wa darasa la sita hatahitaji kamusi ili aanze kukisia maana. Sisemi tulitupe neno la kigeni. Kompyuta na tarakilishi zimeishi nyumba moja miaka mingi bila kuuana. Nasema tu kwamba neno la kueleza litangulie, na neno la kimataifa lifuate.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kile kibonyezo cha baadhi ya majiko ya gesi, kinacholia "tak!" kisha cheche ikaruka, kina nyundo ndogo ya springi inayogonga kipande cha kauri ya umemebano. Saa ya mkononi ya kwatzi hupima wakati kwa fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Mama mjamzito anapopimwa hospitalini kwa mawimbi ya sauti, kifaa kinachopitishwa tumboni hutuma na kupokea mawimbi hayo kwa maada za namna hii hii.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu, waliokuwa wakisomea ualimu, wanieleze mlio ule wa jiko la gesi. Walinipa fasili ya Kiingereza bila kukosea hata herufi. Nilipowaomba waniambie kwa Kiswahili, darasa lilinyamaza. Mmoja akanena, "Mwalimu, kwa Kiswahili halipo." Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Nyundo hugonga jiwe, jiwe likalia umeme." Yule binti peke yake ndiye aliyekuwa amefasiri. Wenziwe walikuwa wamekariri.

Sasa turudi kwenye mavuno. Mkulima akisema amevuna, twaelewa kwamba amepata chakula cha kutosha, na pengine ziada ya kuuza. Je, mtetemo hutupa hayo? Na tupige hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaiweza. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 huikandamiza sakafu kwa nguvu ya nyutoni 600 hivi. Sakafu ikididimia milimita 5, kazi iliyofanyika ni jouli 3. Betri ya simu ya siku hizi huhifadhi kiasi cha jouli 54,000. Kwa hiyo, hata kama hakuna chembe ya nishati itakayopotea, zahitajika hatua 18,000 juu ya sakafu hiyo ili kuijaza simu moja. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 10. Na kauri yenyewe haididimii milimita 5. Hubonyea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hivyo kinachopatikana ni kidogo zaidi.

Isitoshe, hakuna cha bure katika fizikia. Sakafu inayodidimia humchosha mtembeaji kama mchanga wa ufuoni, na nishati yake hutoka katika ugali alioula. Barabara inayobonyea ili itoe umeme huyafanya magari yachome mafuta zaidi. Atakayemwambia gavana au mbunge kwamba barabara itatoa umeme bure, huyo anachota kwenye tangi la mwenye matatu bila kumwambia.

Ndiyo maana nasema neno "mavuno" limetupotosha. Baada ya mavuno, huwapo watu wanaopita shambani wakiokota mahindi yaliyosahaulika. Hayo ni masazo. Mashine inayonguruma kiwandani, daraja linalotikiswa na malori na behewa la treni lililo njiani humwaga mitetemo ambayo tayari imekwisha kulipiwa na haimfai mtu. Kuiokota mitetemo hiyo ndiyo kazi halali ya elimu hii.

Je, masazo hayo yana faida? Yana faida kubwa, mradi yatumiwe panapostahili. Kifaa kidogo kinachowekwa kwenye mota ili kipime joto, au kwenye nguzo ya daraja ili kisikilize nyufa, hulala muda mwingi. Huamka kwa kitambo kidogo, kikapima, kikatuma habari kwa redio, kisha kikalala tena. Kwa wastani chaweza kutosheka na mikrowati makumi au mamia kadhaa, na kiasi hicho mtetemo wa mashine waweza kukitoa. Faida yake ni kwamba hakuna mtu atakayepanda juu ya daraja au kuingia katika mtambo kila mara kubadilisha betri. Haba na haba hujaza kibaba, lakini yafaa tukijue kibaba chenyewe kabla ya kukijaza.

Hapa ndipo linapoingia suala la kuboresha maada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipatikana kauri yenye madini ya risasi, zirkoni na titani, ijulikanayo kwa herufi PZT. Hadi leo ndiyo mfalme wa ukoo huu. Ukiikandamiza kwa nguvu ya nyutoni 1 hutoa chaji ya pikokulombi 300 hadi 600 kwa kutegemea aina yake. Kasoro yake ni ile ya kikombe cha kauri: haikunjiki, na ikikunjwa mara nyingi hupasuka. Mwaka 1969 Mjapani Heiji Kawai alionyesha kwamba plastiki iitwayo PVDF nayo yaweza kufanywa iwe na umemebano. Plastiki hii hukunjika kama karatasi, ila chaji yake ni pikokulombi 20 hadi 30 tu, na joto likizidi nyuzi 80 hivi huanza kupoteza mpangilio wake.

Mwenye akili atauliza: kwa nini tusizichanganye? Ndiyo asili ya maada mseto. Sisi Wakenya neno "mseto" twalijua kwa njia mbili. Liko sufuriani, mchele unapopikwa pamoja na pojo, na liliwahi kuwa serikalini, kati ya mwaka 2008 na 2013. Katika njia zote mbili tumejifunza kwamba haitoshi kuwatia wote chunguni. Kuna suala la nani amekaa wapi, na nani anashikana na nani.

Mtu aliyelifafanua jambo hili vizuri alikuwa Robert Newnham wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Mwaka 1978 yeye na wenzake walieleza kwamba maada mbili zaweza kupangwa kwa njia kumi, kutegemea kila moja imeungana na nafsi yake katika pande ngapi. Mbili zatosha kwa mfano wetu. Njia ya kwanza ni kama kokoto ndani ya saruji: punje za kauri hutawanywa katika plastiki, kila punje ikiwa peke yake. Njia ya pili ni kama ukuta wa nyumba ya udongo: nguzo za kauri zimesimama kutoka upande mmoja hadi wa pili, na plastiki imejaza katikati kama udongo.

Njia ya kokoto ni rahisi na nafuu, lakini ina ugonjwa wake. Ili kauri iwe na umemebano, sharti kwanza itiwe katika uga mkali wa umeme ili ncha chanya na ncha hasi zilizomo ndani yake zielekee upande mmoja, kama waumini wanavyoelekea kibla kimoja. Sasa, uga wa umeme hupenda kubaki katika plastiki na kuikwepa kauri. Mathalan, punje ya mviringo ambayo upokezi wake wa umeme ni mara 100 ya plastiki inayoizunguka hupata sehemu 3 tu kwa 100 za uga uliotiwa. Punje hazipangiki barabara. Na hata zikipangika, chaji zake hukwama katikati ya plastiki, na mkandamizo unaotoka nje humezwa na ulaini wa plastiki kabla ya kuzifikia.

Njia ya nguzo huondoa ugonjwa huu, tena kwa namna ya kustaajabisha. Nguzo ni ngumu, plastiki ni laini. Hivyo mzigo unaowekwa juu, ukifunikwa bamba gumu, huangukia nguzo karibu wote. Waweza kuondoa theluthi mbili ya kauri, ukajaza plastiki mahali pake, na bado ukapata sehemu kubwa ya chaji ile ile. Lakini kwa kuwa kauri imepungua, chaji hiyo huinua volteji ya juu zaidi, na nishati inayopatikana kwa kila mkandamizo huongezeka. Hili ni somo ambalo si la fizikia peke yake: mali kuwa nyingi si hoja, hoja ni mahali ilipowekwa.

Kwa bahati mbaya nguzo hizo ni ghali, kwani kwa kawaida kauri hukatwa kwa msumeno mwembamba sana. Utafiti mwingi wa siku hizi, kwa hiyo, watafuta jinsi ya kupata ubora wa nguzo kwa bei ya kokoto. Wako wanaotia uga wa umeme plastiki ikiwa bado majimaji, ili punje zijipange mstari kama ushanga uzini. Wako wanaogandisha maji yaliyotiwa unga wa kauri. Barafu hukua kwa matabaka na kuusukuma unga pembeni, kisha barafu huondolewa na nafasi yake ikajazwa plastiki. Wako wanaotia kaboni kidogo ili chaji zipate njia ya kutokea, wakijihadhari isizidi, kwa maana ikizidi umeme wote huvujia ndani.

Lakini jambo linalonivutia kuliko yote ni mpaka baina ya kauri na plastiki. Maada hizi mbili hazipendani. Mtetemo ukiendelea kwa mamilioni ya mara, huachana pole pole mpakani, na mseto hufa ingawa kila mshirika angali mzima. Dawa mojawapo ni kuipaka kauri molekuli yenye ncha mbili: ncha moja hushikana na kauri, ya pili hushikana na plastiki. Molekuli hiyo, kwa lugha ya fani yangu, ni mkalimani. Husimama kati ya wasiosikilizana, akajua lugha ya huyu na ya yule. Mwenye kubuni mkalimani bora kwa bei nafuu atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mwenye kubuni kauri mpya.

Kuna jambo jingine ambalo halina budi kusemwa, nalo limo katika jina lenyewe. Kwa Kiswahili "risasi" ni madini, na "risasi" ni kile kinachotoka katika bunduki. Zaidi ya nusu ya uzito wa PZT ni risasi. Sisi katika nchi hii hatuhitaji kufundishwa madhara yake. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaidhinisha haki yao. Sheria za Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2006 zilipiga vita risasi katika vyombo vya umeme, lakini kauri hizi ziliachiwa kwa sababu hapakuwa na mbadala wa kutosha. Watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yasuyoshi Saito, walionyesha mwaka 2004 kwamba kauri ya potasiamu, sodiamu na niobi, punje zake zikielekezwa upande mmoja, yaweza kuikaribia PZT. Vifaa vya kuokota umeme vikitawanywa kwa maelfu kwenye mashine na madaraja, siku moja vitakuwa taka. Ni nani atakayeziyeyusha taka hizo, na karibu na nyumba ya nani? Kwa maoni yangu, mtafiti wa Kenya anayeingia katika uwanja huu hana sababu ya kuanza na risasi.

Haya yote yanamhusu vipi mwalimu wa sekondari? Yanamhusu sana. Katika mashindano ya sayansi, mwanafunzi anaweza kuleta kiatu chenye visahani vya kauri, akaonyesha mita inayosoma volti 20, na wasikilizaji wakapiga makofi. Mwalimu aliyeelewa atauliza maswali matatu. La kwanza: ni wati ngapi kwa wastani? Kwani volti peke yake si kitu. Kibonyezo cha gesi hutoa maelfu ya volti, na hakiwezi kuwasha taa ya kusomea. La pili: mtetemo ulikuwa wa mara ngapi kwa sekunde? Kifaa cha namna hii ni kama bembea. Ukisukuma kwa wakati wake hupaa, ukisukuma nje ya wakati hufa. Kilichotengenezwa kwa mitetemo 50 kwa sekunde chaweza kuwa bure kwa mitetemo 55. La tatu: kitakuwaje baada ya mitetemo milioni moja? Maswali haya hayahitaji maabara ya mamilioni. Yahitaji ufahamu, na ufahamu wahitaji lugha.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwamba sayansi ya dunia huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mtoto wetu huanza kufundishwa kwa lugha hiyo tangu gredi ya nne. Sikatai, Mgala muue na haki umpe. Atakayechapisha matokeo yake sharti akijue Kiingereza, tena akijue vyema. Lakini kukijua Kiingereza ni jambo moja, na kujificha nyuma yake ni jambo jingine. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kodi inayowalipa watafiti hutoka kwa watu ambao wengi wao huzungumza Kiswahili sokoni, garini na kazini. Wana haki ya kujua kinachotafutwa kwa fedha zao. Litasemwa pia kwamba istilahi hazipo. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Istilahi zilizokaa kabatini hufa. Istilahi zinazotumika hukua, hurekebishwa, na nyingine hutupwa na wasemaji wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja dogo linalowezekana bila kungoja bajeti. Kila tasnifu ya sayansi na uhandisi katika vyuo vikuu vyetu iwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili, isomwe na mwanafizikia mmoja na mwanaisimu mmoja kabla ya kupitishwa. Mwanafizikia ataulinda ukweli, mwanaisimu ataulinda ufahamu. Katika miaka kumi tutakuwa na hazina ya maandishi ambayo mwalimu wa Garsen au Lodwar ataweza kuyapeleka darasani. Na mtafiti mwenyewe atafaidika, kwani asiyeweza kumweleza shangazi yake anachokitafuta huenda naye hajakielewa.

Walimu wasingoje mpango huo. Na wamtafute mwanafunzi mwenye kiberiti cha gesi kilichokwisha, wakifungue pamoja, wakitoe kile kipande cha kauri, kisha waliulize darasa: kwa Kiswahili, hapa pametokea nini? Darasa litanyamaza kwanza. Wasubiri. Mmoja atasema.